Mjomba, yule mtu wako wa Samoa

Shikamoo Mjomba,

Kwenye arobaini ya bibi ulituambia sisi vijana kwamba nchi ndogo haihitaji makelele ya vyama, inahitaji mtu mmoja anayeijua kazi, aachwe aifanye. Ukatoa mfano wa waziri mkuu wa zamani wa Samoa, nchi ya visiwa katika Bahari ya Pasifiki, "yule aliyehamisha nchi nzima upande wa barabara". Nilinyamaza kwa heshima, na pia pilau ilikuwa imeshafika. Lakini wazee wote waliitikia kwa vichwa, kwa hiyo na mimi nakujibu mbele ya watu.

Mtu wako anaitwa Tuilaepa Sailele Malielegaoi. Alizaliwa mwaka 1945, kwao ni kijiji cha Lepa, kisiwa cha Upolu. Alisomea biashara Auckland, New Zealand, akafanya kazi Brussels, akaingia bungeni mwanzoni mwa miaka ya 1980. Alikuwa waziri wa fedha wa waziri mkuu Tofilau Eti Alesana, na Tofilau alipojiuzulu kwa maradhi Novemba 1998, yeye akakalia kiti. Akakikalia zaidi ya miaka 22. Katikati ya hayo, mwaka 2007, akiwa na miaka 62, alijifunza kulenga mishale akaiwakilisha nchi kwenye Michezo ya Pasifiki ya Kusini na kupata medali ya fedha. Hilo nakuongezea mimi, hukulitaja.

Na barabara ni kweli. Wewe umeendesha malori hadi Kigali, ukivuka Rusumo unahama kutoka kushoto kwenda kulia, na mwenyewe ulisema kilomita za kwanza mikono hutoka jasho. Samoa walikuwa wakiendesha kulia tangu enzi za Wajerumani. Ndugu zao wengi wako New Zealand na Australia, wanakoendesha kushoto, na gari lililotumika la huko au la Japani lenye usukani wa kulia ni rahisi kulipata. Tuilaepa akasema tuhame, ili mtu aliye Auckland aweze kumtumia baba yake gari. Watu wakaandamana, wakaenda mahakamani, wakatabiri maiti barabarani. Asubuhi ya tarehe 7 Septemba 2009, saa kumi na mbili, magari yote yakasimama, kisha yakahama. Kulikuwa na mapumziko ya siku mbili, uuzaji wa pombe ulisitishwa, na mwendo ulipunguzwa. Maafa yaliyotabiriwa hayakutokea.

Miaka miwili baadaye akaihamisha nchi tena, safari hii kwenye kalenda. Samoa ilikuwa upande wa Marekani wa mstari wa tarehe, ule unaotenganisha siku moja na inayofuata, kwa hiyo Ijumaa yao ilikuwa Jumamosi kwa wale wanaofanya nao biashara, na Jumapili yao kanisani ilikuwa siku ya kazi Sydney. Mwaka 2011 walilala Alhamisi tarehe 29 Desemba wakaamka Jumamosi tarehe 31. Ijumaa ile haikuwepo kabisa. Tena watu walicheka, tena wakazoea.

Sasa hapa ndipo tunapoachana mimi na wewe. Wewe unaona ujasiri, na mimi nauona. Lakini naona pia mtu anayefundishwa, mara mbili mfululizo na kwa mafanikio, kwamba wanaopinga watachoka tu. Barabarani na kwenye kalenda somo hilo lilikuwa sahihi. Alilichukua akaenda nalo kila mahali.

Uchaguzi wa 2016 ulipokwisha na wabunge huru wakajiunga na chama chake cha HRPP, kilikuwa na viti 47 kati ya 50. Kwa taratibu za bunge lao, upinzani ulipaswa kuwa na wabunge wanane ili utambuliwe rasmi, kwa hiyo upinzani rasmi ukawa haupo. Miaka miwili baadaye watoto wachanga wawili walifariki baada ya wauguzi kukosea kuchanganya chanjo ya surua. Serikali ikasimamisha chanjo hiyo kwa miezi, imani ya wazazi ikaporomoka, na surua ilipoingia 2019 ikakuta watoto wengi hawana kinga. Walikufa watu 83, wengi wao watoto wa chini ya miaka mitano. Desemba nchi ilifungwa siku mbili, familia zenye wasiochanjwa zikaning'iniza kitambaa chekundu nje, na timu zikapita nyumba kwa nyumba. Ulikuwa ustadi uleule wa ile asubuhi ya magari, Mjomba, ila umechelewa. Siwezi kukuthibitishia kwamba bunge lenye wapinzani lingeuliza mapema. Najua tu kwamba lile lenye watu 47 wa chama kimoja halikuwa na sababu kubwa ya kuuliza.

Kisha akagusa ardhi. Samoa ardhi kubwa ni ya koo, na matai, wakuu wa koo, ndio wasemaji wake. Mwaka 2020 alileta miswada ya kuitenga Mahakama ya Ardhi na Vyeo, inayoamua migogoro ya ardhi ya koo na vyeo vya matai, isiwe chini ya Mahakama Kuu. Aliyempinga safari hii alitoka ndani ya nyumba: naibu wake, Fiame Naomi Mata'afa, binti wa waziri mkuu wa kwanza wa nchi. Alijiuzulu Septemba, na baadaye akakiongoza chama kipya cha FAST. Miswada ikapita hata hivyo.

Uchaguzi wa Aprili 2021 ukatoa viti 25 kwa 25 kati ya HRPP na FAST, na mbunge huru mmoja. Tume ya uchaguzi ikaongeza kiti cha mwanamke upande wa HRPP, kwa hoja ya kutimiza idadi ya chini ya wanawake bungeni, mbunge huru akaenda kwa Fiame, Mahakama Kuu ikakifuta kile kiti cha nyongeza. Tuilaepa akadai amewekwa na Mungu. Tarehe 24 Mei Fiame alifika bungeni kuapishwa akakuta milango imefungwa kwa ufunguo. Wakaapa nje, chini ya hema, kwenye nyasi. Majaji ambao mtu wako aliwashambulia hadharani ndio waliosema mwezi Julai kwamba kiapo cha kwenye hema ni halali, na hapo ndipo alipoondoka ofisini.

Naomba usiniambie aliharibiwa na uzee. Agosti 2025, akiwa na miaka 80, alikiongoza tena chama uchaguzini, kikapata viti 14. Fiame naye alikuwa ameshaangushwa na bunge kwa kura ya bajeti mwezi Mei, kisha akashindwa vibaya uchaguzini, na akakabidhi ofisi bila kufuli. Kwa hiyo sikuuzii mtakatifu mwingine badala ya wako.

Ninachotaka unijibu ni hiki: kama kiongozi kukaa muda mrefu kunampa uzoefu, uzoefu wa miaka 22 ulimfundisha nini hata akaona bunge linaweza kufungwa kwa ufunguo? Jibu ukipata muda, hata ukiwa kwenye foleni ya mpakani. Ila usinijibu kwa barabara, barabara nimeshakubali.

Mpwa wako.