Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti: Elimu ya Uzazi wa Mpango Katika Kliniki Zetu

Ndugu wanachama, wauguzi na wakunga wenzangu,

Mapato na matumizi atayasoma Mhazini, na mahudhurio ya vikao yamo kwenye makabrasha mliyogawiwa mlangoni. Nafasi yangu nitaitumia kwa kazi iliyotushughulisha kuliko zote mwaka huu, yaani namna tunavyowafundisha wateja njia za uzazi wa mpango.

Elimu ya asubuhi mnaijua ilivyo. Mabenchi yamejaa, watoto wanalia, foleni ya mizani haijaisha, na muuguzi mmoja anazitaja njia zote kwa mkupuo: vidonge, sindano, kijiti, kitanzi, kondomu, kufunga kizazi. Kinamama wanaitikia, wanapiga makofi, kisha maswali yao wanakwenda kumuuliza jirani. Ndiyo maana kamati tendaji ilielekeza tuanze na kile wanachokiogopa, njia zenyewe zifuate.

Wanachokiogopa zaidi ni mabadiliko ya hedhi. Anayechoma sindano ya Depo akikaa miezi bila kuona siku zake, mtaani ataambiwa damu inajikusanya tumboni na itageuka uvimbe. Mwenye kijiti akitokwa na matone wiki nzima, ataamini kizazi kimeharibika. Maelezo yake si marefu: homoni huufanya ukuta wa ndani wa kizazi ubaki mwembamba, kwa hiyo hakuna kilichojengeka cha kutoka mwisho wa mwezi. Mama aliyeelezwa haya kabla ya kupewa njia huvumilia, au hurudi kwetu kuuliza. Asiyeelezwa huacha kimyakimya, na tunamwona tena akija kuanza kliniki ya ujauzito. Vilevile anayetaka kuzaa mwakani aambiwe mapema kuwa baada ya Depo uzazi hauharakishi kurudi; kwa wastani ni miezi 10 tangu sindano ya mwisho. Huo si utasa, lakini kwa mwanamke anayeulizwa na mama mkwe kila wiki, miezi 10 ni mirefu mno kama hakutayarishwa.

Kasha la vielelezo limetusaidia kuliko mabango yote. Kijiti cha mfano ni laini na kina urefu wa njiti ya kiberiti. Kikipita benchi kwa benchi, kila mmoja anakikunja kwa vidole, anakinusa, anampa mwenzake. Habari ya kijiti kutembea mpaka kwenye moyo huwa inaishia hapo kwa walio wengi, hasa akitokea mtumiaji aliyekubali kwa hiari yake kunyoosha mkono ili wenzake wakiguse chini ya ngozi, palepale kilipowekwa.

Baada ya hofu kutulizwa, namba zinasikika. Kwa matumizi ya kawaida, kati ya wanawake 100 wanaotumia kijiti au kitanzi kwa mwaka, hata 1 hafiki atakayeshika mimba. Kwa sindano ni kama 4, kwa vidonge vya majira 7, kwa kondomu ya kiume 13. Kijiti hukaa miaka 3 au 5 kulingana na aina, kitanzi cha shaba hadi 12. Hata hivyo naomba tusizigeuze namba hizi kuwa shinikizo. Kondomu ndiyo pekee kati ya hizo inayokinga pia virusi vya ukimwi na magonjwa ya zinaa, na kuna mwanamke ambaye hilo ndilo hitaji lake la kwanza.

Wapo wanaouliza kama Depo inaleta ukimwi. Jibu tunalo. Utafiti uliochapishwa mwaka 2019, uliowahusisha wanawake 7,829 wa Afrika Kusini, Kenya, Zambia na Eswatini, haukuona tofauti kubwa ya maambukizi kati ya watumiaji wa Depo, kitanzi cha shaba na kijiti.

Kuhusu P2, yaani kidonge cha kuzuia mimba baada ya tendo, wasichana wa vyuo wanaimeza kama njia ya kila siku. Tuwaeleze bila kuwakaripia kwamba ni ya dharura, imezwe mapema iwezekanavyo ndani ya saa 72, na kwamba haitoi mimba iliyokwisha kutunga.

Jambo lililoniuma mwaka huu ni la mama aliyekwenda kutolewa kijiti kwenye kituo kimoja akarudishwa mara kwa mara, akaambiwa muda wake haujafika. Muda upi? Kutolewa ni haki yake siku yoyote anayotaka, na sababu si lazima atupe. Mwanamke mmoja aliyenyimwa kutolewa hutosha kuwafanya majirani zake wote wasikanyage kliniki, na mimi siwalaumu.

Kinababa bado tumewafikia kwa uchache. Waliofuatwa kwenye vijiwe vya bodaboda walisikiliza vizuri kuliko walioitwa kliniki, na wengi hawakujua kwamba kufunga kizazi kwa mwanaume hakupunguzi nguvu za kiume, wala kwamba baada ya upasuaji lazima atumie kinga kwa miezi 3.

Kamati inaleta mezani mapendekezo mawili. Kwanza, kila kituo chenye mwanachama kiwe na kasha lake la vielelezo, gharama itoke kwenye ada. Pili, anayefundishwa kuweka kijiti afundishwe na kukitoa, na asianze kuweka kabla ya kufuzu yote mawili. Katibu atayasoma kwa ukamilifu mchana, na kura zitapigwa kabla ya uchaguzi wa viongozi.