Barua ya wazi kwa Kamishna wa Bima: fomu inayompendelea asiyepima

Ndugu Kamishna,

YAH: KUTENGWA KWA MIFUPA YANGU YOTE KWENYE BIMA YA AFYA

Mimi ni fundi cherehani, nina miaka 53, nakaa Ilemi hapa Mbeya. Zamani nilikuwa karani wa shule binafsi, na bima niliipata pamoja na wenzangu: mwajiri alipeleka orodha ya majina, tukapigwa picha, kadi zikaja. Hakuna aliyeuliza habari za mifupa yangu. Mkataba ulipoisha, na kadi ikaisha.

Mwaka jana mwezi wa pili, mvua zimekolea, niliteleza kwenye kiteremko cha kuingia kwangu nikiwa na ndoo ya viazi. Wala sikuanguka vibaya. Nilikaa chini kama mtu anayekalia kigoda, nikajizuia kwa mkono wa kulia. Viazi vikabingirika hadi kwa jirani. Mkono ukavunjika juu kidogo ya kiganja. Nikafungwa hogo wiki sita, na fundi aliyefungwa hogo mkono wa mkasi kazi yake ni kuangalia wateja wakihamia meza ya pili.

Aliyeshtuka ni daktari. Alisema mkono hauvunjiki kirahisi hivyo bila sababu, akauliza hedhi ilikoma lini. Nikamwambia nilitolewa ovari zote mbili nikiwa na miaka 40; kumbe hedhi ikikoma mapema, mifupa nayo hudhoofika mapema. Akaniandikia kipimo cha DEXA, eksirei ya kupima wingi wa madini ndani ya mfupa, nikapanda basi hadi Dar es Salaam kukifuata. Majibu huja kwa alama inayolinganisha mfupa wako na wa kijana mwenye afya: uti wa mgongo -2.7, nyonga -1.9. Kwa vigezo vya Shirika la Afya Duniani, kuanzia -2.5 kwenda chini ni osteoporosisi, yaani ugonjwa wa mifupa kudhoofika na kuvunjika kirahisi. Kati ya -1 na -2.5 mifupa imepungua lakini haijafika huko. Kwa hiyo mgongoni ni mgonjwa, nyongani bado naangaliwa tu. Nina kidonge cha kila wiki: nakimeza asubuhi kwa maji matupu, kisha nusu saa silali wala sigusi chai.

Nikaenda kuomba bima binafsi. Fomu ikauliza kama nimewahi kuambiwa nina ugonjwa wa mifupa. Nikaandika Ndiyo, nikaambatanisha majibu. Baada ya wiki tatu nikajibiwa kwa aya mbili: watanipokea kwa ada ya juu, ila hawatalipia "jambo lolote linalohusu mifupa, viungo na uti wa mgongo". Ukomo haukutajwa. Nikamuuliza wakala, je, bodaboda ikinigonga pale Mafiati nikavunjika mguu? Akacheka kwa aibu. "Mama, mguu si una mfupa?"

Kamishna, sipingi kwamba bima ni mfuko, na kila mtu akingoja augue ndipo ajiunge, mfuko utakauka. Hata kikoba chetu hakimkopeshi aliyeingia jana. Lakini jirani yangu, yule yule aliyeniokotea viazi, tuna umri mmoja na hajawahi kupima. Akijaza fomu ile ile ataandika Hapana, na atakuwa amesema kweli. Atapewa kadi nzima. Huenda mifupa yake ni mibovu kuliko yangu, na hanywi dawa yoyote. Mimi ninayemeza kidonge ili nisivunjike ndiye niliyehesabiwa hasara! Mtu mmoja alininong'oneza kwamba nami ningeandika Hapana. Nilikataa, na si kwa utakatifu: siku nikilazwa wakayafukua majibu ya DEXA, mkataba unafutwa na ada niliyolipa inaweza kupotea.

Marekani, tangu Januari 2014, sheria inazikataza kampuni kumnyima mtu bima ya afya au kumpandishia ada kwa sababu ya ugonjwa aliokuja nao. Ili watu wasingoje waugue, kujiunga kuna msimu wake kila mwaka. Sisemi tuige kila kitu. Naomba kidogo tu: kampuni ikitenga ugonjwa, itaje ugonjwa wenyewe, si kila kilicho na mfupa ndani yake, kutenga huko kuwe na mwisho, mwaka mmoja au miwili, na sababu ziandikwe kwa Kiswahili cha kueleweka pamoja na mahali pa kulalamikia. Mvunjiko wa ajali ya barabarani uachwe kabisa nje ya habari hizi.

Nitaambiwa ningoje bima ya afya kwa wote, ambayo Bunge lilipitisha sheria yake Novemba 2023. Naingoja, tena hilo neno "wote" nalipenda sana. Ila mawingu yameshatanda mlima Loleza, na kiteremko changu bado hakijamwagwa changarawe.

Barua ya kampuni ninayo, na majibu ya DEXA ninayo. Nikiitwa nitavileta mwenyewe.

Fundi cherehani,
Ilemi, Mbeya