Barua kwa mwanangu: kinachoendelea ubongoni mwa Bibi

Mwanangu mpenzi,

Jumapili Bibi alikuita kwa jina langu, kisha akahangaika na kifungo cha sweta yake mpaka ukamfungia. Usiku ukaniuliza, "Ni nini kinamla ubongo?" Nilikujibu kwa mkato, na tangu hapo roho haijatulia. Swali lako lilistahili jibu kamili.

Ubongoni mna seli za kinga ziitwazo mikroglia. Mhispania Pío del Río Hortega ndiye aliyezipa jina hilo mwaka 1919, alipozitia rangi yenye madini ya fedha hadi matawi yake membamba yakaonekana kwenye hadubini. Kinachonishangaza mimi ni chimbuko lake. Utafiti wa panya umeonyesha kwamba huanzia kwenye kifuko cha kiini, yaani kifuko kinachoambatana na kiinitete, nje kabisa ya ubongo, kiinitete chenyewe kikiwa bado kichanga. Kisha huhamia ubongoni na kufanya makao humo.

Na hazitulii. Mwaka 2005 watafiti walichungulia ubongo wa panya aliye hai, wakakuta matawi hayo yakirefuka na kujikunja bila kukoma, yakipapasa kila kilicho jirani.

Ubongo wa mtoto hutengeneza miungano ya neva mingi kupita inayohitajika. Ile dhaifu hutiwa alama na protini kama C1q, na mikroglia huja kuimeza, kama mkulima anavyopogoa mti. Wewe mwenyewe ulipogolewa hivyo, mwanangu.

Sasa Bibi. Katika ugonjwa wake, Alzheimer, unaofuta kumbukumbu polepole, mabonge ya protini ya amiloidi hujikusanya kati ya seli za neva. Mikroglia huyazingira na kuyabana yasisambae. Mwaka 2013 iligunduliwa kwamba wanaorithi hitilafu fulani katika jeni ya TREM2, ambayo mikroglia huitegemea kwa kazi hiyo, wako katika hatari kubwa zaidi ya kuugua. Basi walinzi wakilegea, madhara hutokea. Lakini kwa panya wenye ugonjwa wa namna hiyo, imeonekana pia C1q ikizidi na mikroglia zikianza kula miungano hata kabla mabonge hayajajaa. Ni upogoaji uleule wa utotoni, umerudi wakati usio wake. Ndiyo maana kutafuta dawa ni kugumu: ukizizima zote, umewafukuza walinzi pia.

Kwa hiyo jibu langu ni hili: huenda kinachokula ni kilekile kilichomjenga.

Bibi anakuja tena Jumamosi. Akikuita kwa jina langu, itika.

Mama yako