Methadoni ya vijana wetu iingie kwenye bajeti

Mhariri,

Kila siku ya Mungu, Jumapili na sikukuu zikiwemo, mwanangu wa miaka 27 hutoka nyumbani kabla hakujapambazuka. Hupanda matatu mbili, na nauli ikikosekana hupiga miguu. Akifika kliniki hupanga foleni, hutaja nambari yake dirishani, hupewa methadoni, dawa ya kumsaidia aliyezoea unga, yaani heroini, kwenye kikombe kidogo cha plastiki na kuimeza mbele ya muuguzi. Kisha huambiwa aseme neno, ionekane hakuibakiza mdomoni.

Ni hivyo tu. Lakini kikombe hicho ndicho kinachomkinga na arosto, yale mateso ya kukosa unga, hadi kesho yake. Zamani, ili apate pesa za unga, sufuria zangu ziliishia kwa wanunuzi wa vyuma kuukuu. Siku hizi anabeba mizigo sokoni, na jioni huniletea sukari.

Akikosa dawa siku tatu mfululizo, dozi hushushwa na kuanza kupandishwa upya kidogo kidogo. Hapo katikati mwili unamuuma, hapati usingizi, na wauza unga wanamjua kwa jina.

Kliniki za kwanza za aina hii nchini zilifunguliwa Mathari, Nairobi, mwishoni mwa 2014, na Malindi mwanzoni mwa 2015. Kwa sehemu kubwa zilisimama kwa fedha za Marekani na wafadhili wengine. Nawashukuru kwa moyo wangu wote, maana wamenirudishia mtoto. Ila Januari 2025 Marekani iliposimamisha misaada yake, kituo alichokuwa akienda kuoga, kunywa uji na kupimwa kifua kikuu kilifungwa. Kijana aliyekuwa akimpigia simu kila anapokosa dozi naye akapoteza kazi. Dawa yenyewe haikukatika, lakini kwa wiki kadhaa hakuna aliyeweza kutuhakikishia kwamba kesho itakuwepo. Nilipouliza kwa watu wa kaunti, nikaambiwa dawa ni jambo la serikali kuu. Wa serikali kuu nao wakanirudisha kaunti.

Mimi si mwanasheria, lakini Katiba ya 2010 nimesomewa na binti yangu. Kifungu cha 43 kinampa kila mtu haki ya kupata afya ya kiwango cha juu kinachowezekana. Jedwali la Nne linaikabidhi kaunti vituo vya afya na udhibiti wa dawa za kulevya, na serikali kuu linaiachia sera ya afya. Mwenye jukumu basi yupo, tena wako wawili. Wakae meza moja wapatane.

Agosti 2014 serikali ililipua baharini meli iliyonaswa na zaidi ya kilo 370 za heroini. Januari 2017 ndugu wa familia ya Akasha, walanguzi wa dawa za kulevya, wakasafirishwa hadi Marekani, wakashtakiwa na kufungwa. Nilishangilia yote mawili, kama mama yeyote wa Mombasa. Lakini watoto waliokwisha kuzoea unga hawakuzama na meli ile. Walibaki maskani, na majirani waliendelea kuwaita mateja, wakiwapisha njia kama wenye ukoma.

Ninachoomba kinawezekana. Serikali inunue methadoni kwa kodi yetu, kama inavyonunua chanjo. Vilevile dozi zipelekwe kwenye zahanati za mitaani, kwa kuwa kliniki zenyewe ni za kuhesabu kwa vidole. Kijana anayetumia asubuhi nzima barabarani kufuata dawa hawezi kushika kazi ya maana. Mwanangu alipata kibarua cha mjengo mara mbili na mara zote mbili akakipoteza, kwa sababu msimamizi anataka watu saa moja kamili.

Juni bajeti zitajadiliwa, ya taifa na ya kaunti. Nitamwomba binti yangu anitafutie mstari wa methadoni: ni kiasi gani kimetengwa, na ni pesa za nani.

Mama mzazi,
Mombasa