Mhariri, anayetaka pikipiki kubwa ya kwenda nayo kazini aisukume kwanza ikiwa imezimwa

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kwenye ukurasa wako wa barua na naomba usiikate sana, hili jambo limenikaa kooni muda mrefu. Ukifungua magazeti yetu pikipiki ni habari ya bodaboda tu, ajali, faini, kofia ngumu, imeisha hiyo. Magari yanaandikwa kila wiki, hili linakula mafuta kiasi gani, lile spea zake zipo Kariakoo au hazipo. Sasa kuna watu tunaoenda kazini na pikipiki zetu wenyewe, siyo za biashara, na baadhi yetu tunaendesha zile za kiti cha chini, usukani mpana, miguu imetangulia mbele, kruza, wengine wanaziita chopa. Na watu hawa wananunua kwa macho. Mtu anaona picha, anasikia mlio, anauliza cc ngapi, yaani ukubwa wa injini, hela inatoka. Mimi nilinunua hivyohivyo na ilinigharimu.

Mimi ni mama wa miaka 46, nafanya kazi maabara ya hospitali, nakaa Tegeta na kazi iko mjini, kwenda kama kilomita 25 na kurudi hivyohivyo, kwa zamu, wiki hii mchana wiki ijayo usiku. Urefu wangu ni futi 5 na inchi 2. Nilijifunzia Boxer ya kaka yangu, ile ndogo ya bodaboda, nikachukua leseni daraja A, nikaendesha ile Boxer miaka mitatu mvua na jua. Nilipopata hela kidogo nikasema sasa nataka kitu cha kukaa nikatulia, mgongo umechoka. Nikaenda kwa muuzaji mmoja, simtaji, nikamwambia nataka kruza ya kwenda kazini. Akanionyesha ya cc 1100, nyeusi, inang'aa, akaniambia mama chukua hii, ndogo utaichoka baada ya mwezi, hii ndo ya watu wazima. Nikakaa juu, miguu ikagusa chini vizuri maana kruza zote kiti kiko chini, nikaona basi inanitosha. Hapo ndo nilipokosea, kiti kugusisha miguu na uzito ni vitu viwili tofauti kabisa, na mimi niliangalia kimoja.

Ile pikipiki ikijazwa mafuta ilikuwa inapita kilo 270. Ikitembea huisikii kabisa. Ila siku moja natoka zamu ya usiku, alfajiri, nakunja kuingia sheli, mwendo wa mtu anayetembea kwa miguu, kuna mchanga lori limemwaga pale kwenye kona, tairi la mbele likateleza kidogo tu. Boxer ningeweka mguu chini ikaisha. Hii niliweka mguu na mguu haukuweza, ikalala taratibu, na eksozi ikanilalia kwenye muundi wa mguu wa kulia. Wakaja vijana watatu wa bodaboda. Mmoja wao, kabla hata hajanigusa mimi, aliinama akafunga koki ya mafuta kwa sababu petroli ilishaanza kudondoka na injini ilikuwa ya moto, kisha ndo wakainyanyua wote watatu kwa mpigo. Nasema hadharani kwamba yule kijana ana akili ya kazi, na namshukuru mpaka leo. Alama ya eksozi ninayo bado.

Kuanguka kulipita, kilichobaki ni kila siku. Kazini kwetu sehemu ya kupaki ina mteremko kidogo kuelekea ukutani. Gari lina rivasi, pikipiki haina, ukiingiza mdomo kwenye mteremko itabidi uirudishe nyuma kwa miguu yako, umekaa juu, unasukuma na unyayo. Kwa ile ya 1100 nilikuwa namwomba mlinzi kila nikitoka. Kila siku, mtu mzima, natoka zamu nimechoka naanza kutafuta mlinzi yuko wapi. Baada ya miezi saba nikaiuza kwa hasara.

Ndo maana nasema, Mhariri, na hili naomba liwafikie wanaotaka kununua, cc siyo swali la kwanza. Swali la kwanza ni hili, ukiwa peke yako, imezimwa, gia huru, unaweza kuisukuma mbele, kuirudisha nyuma kwenye kamteremko kadogo, na kuitoa kwenye stendi bila kuhema? Uvae viatu vyako vya kazini, siyo buti za kuazima. Kama huwezi, hiyo siyo pikipiki yako ya kila siku, hata wakikupa kwa nusu bei.

Na hapa ndo saizi ya kati inapoingia, kuanzia cc 350 hivi mpaka 650. Mjini kikomo cha mwendo kwenye makazi ni 50, na foleni ya Bagamoyo Road hata hiyo 50 unaitamani, sasa cc 1100 unaipeleka wapi? Injini ya saizi ya kati ya kruza imetengenezwa ivute kuanzia chini, unaweka gia ya tatu unatambaa nayo bila kukanyagakanyaga gia, na ukitoka nje ya mji inafika 90, 100 bila kelele. Inatosha.

Watu wanashangaa kwa nini kruza nyingi za mkononi kutoka Japani ni cc 400. Sababu ni leseni yao, kule leseni ya kawaida ya pikipiki mwisho wake cc 400, ukitaka kupita hapo unatafuta leseni nyingine ya juu. Kwa hiyo viwanda vyao vilitengeneza kruza za 400 kwa wingi, Yamaha Drag Star 400, Honda Steed 400 na Shadow 400, Kawasaki Vulcan 400. Na sisi tunaendesha kushoto kama wao, hata taa ya mbele haikusumbui, inamulika upande ule ule. Mimi sasa hivi ninayo Drag Star 400, huu mwaka wa nne. Fremu yake ndo ile ile ya 650, ukiiona kwa mbali hutofautishi, na siyo nyepesi sana, inapita kilo 230, sitaki kumdanganya mtu. Lakini uzito wake uko chini na mimi naisukuma mwenyewe, pale kwenye mteremko wetu siku hizi naingia kwa kurudi nyuma, mdomo unatazama barabara, na kutoka sihitaji mtu.

Kitu ninachoipendea ni shafti, chuma kinachozungusha tairi la nyuma. Haina cheni. Vumbi la mtaani kwetu na tope la masika kwenye cheni ni kama kupaka msasa, Boxer nilikuwa naipaka oili cheni kila wikiendi na bado inalegea, hii nabadilisha oili ya difu ya nyuma kwa wakati wake na nasahau. Mafuta inanipa kilomita 22 mpaka 24 kwa lita, tenki lita 16, geji haina, ikianza kukohoa unageuza koki kwenye rizavu unatafuta sheli. Mabaya yake yapo. Injini inapozwa na upepo tu, kwenye foleni ya saa nane mchana joto linapanda kwenye paja la kulia mpaka unatamani kushuka, mimi gari zikisimama kabisa nazima. Ina kabureta mbili, na fundi wa bodaboda amezoea moja, akizifungua asipozisawazisha injini inatetemeka kama ina homa. Nyuma breki shu, ABS haina, ile inayozuia tairi kujifunga ukibana breki ghafla. Mvua ya kwanza baada ya kiangazi, ile inayochanganyika na oili barabarani, naendesha nimejibana.

Sasa mtu akiniuliza leo una hela, ununue ipi, namjibu bila kuzunguka: Honda Rebel 500. Ilianza kuuzwa 2017, injini cc 471 ya pistoni mbili, ya kupozwa na maji, ile ile waliyoweka kwenye pikipiki zao za CB500, kwa hiyo spea za injini siyo za mfano mmoja tu. Kiti kiko sentimita 69 kutoka ardhini na uzito kama kilo 190, yaani unatoa mfuko wa simenti kwenye ile yangu ya sasa, na ukilinganisha na ile ya kwanza umetoa mtu mzima mwenye mwili wake. Ubaya wake tenki dogo, lita 11 na kidogo, na kiti cha abiria ni kipande tu, kama unambeba mwenzio kila siku atakulaumu.

Mwenye mwili mkubwa, miguu mirefu, aangalie Kawasaki Vulcan S, cc 649, injini ndugu ya Ninja 650, pikipiki ya mbio ya kampuni hiyohiyo, ina nguvu nyingi kuliko kruza zote za saizi ya kati ninazozitaja na pa kukanyagia panasogezwa mbele au nyuma kufuatana na urefu wa mtu, hilo ni jambo la maana sana. Ila ni kilo 225 na zaidi, umeshaambiwa. Royal Enfield Meteor 350 ya India nayo wengi wanaidharau kwa sababu ina nguvu farasi 20 tu. Mimi siidharau. Pistoni moja, fundi yeyote anaielewa, kilo 191, tenki lita 15, breki ABS mbele na nyuma. Kama safari zako ni nyumbani kazini sokoni kanisani au msikitini, inakutosha na inabaki. Kama kila mwisho wa mwezi unakwenda Dodoma na abiria na mizigo, hapo itakuchosha kwenye vilima, na kiti chake ni sentimita 76 na nusu, mfupi kama mimi ajaribu kwanza.

Alafu tairi, Mhariri, tairi! Hili hakuna muuzaji anayekwambia. Kabla hujaangalia rangi chuchumaa nyuma ya pikipiki usome namba za tairi la nyuma. Drag Star imeandikwa 170/80-15. Hiyo namba ilinizungusha Kariakoo siku mbili, duka kwa duka, kila mmoja ananionyesha za bodaboda, mwishowe nikaagiza nikasubiri wiki tano pikipiki imekaa nyumbani natembelea daladala. Vulcan S inavaa 160/60-17, saizi ambayo pikipiki nyingi za mbio za kati zinavaa, unaipata kwa urahisi zaidi. Rebel ni 150/80-16, Meteor 140/70-17. Ziandike kwenye karatasi, nenda dukani kabla hujalipa pikipiki, uliza ipo, shilingi ngapi. Na cheni hivyohivyo, Rebel na Vulcan S zinatumia 520, ile ya bodaboda ni 428, haiingii. Usitegemee kwamba kwa sababu kila kona kuna spea za pikipiki basi na za kwako zipo.

Kuna na matuta. Kruza nyingi tumbo liko chini, sentimita 13 au 14 hivi kutoka barabarani, na mitaani kwetu watu wanajenga matuta wenyewe kwa udongo na mawe, makali kama paa la nyumba. Ya kwangu inakwaruza nikiwa na abiria. Unayapanda kwa mshazari, pole pole, na siku ya kwenda kuangalia pikipiki lala chini utazame tumbo lake kama lina makovu, hayo makovu yatakueleza ilikotembezwa kuliko muuzaji. Na mashimo usiyachukulie poa, kwenye kruza miguu iko mbele, huwezi kusimama ukanyanyua makalio shimo likapita kama unavyofanya kwenye Boxer, kishindo chote kinaingia kwenye kifandugu. Njia yako ikiwa ni vumbi na makorongo mwanzo mwisho, tafadhali usinunue kruza ya aina yoyote, nunua ya miguu mirefu. Nampenda mtu kuliko naipenda hii pikipiki.

Ninachoomba kwako Mhariri ni kona ndogo tu, hata mara moja kwa mwezi, kwenye ule ukurasa wa magari, iandikwe kuhusu pikipiki za watu binafsi, uzito, urefu wa kiti, namba za tairi, spea zipo wapi. Na wauzaji nawaomba mturuhusu kuzisukuma. Nilipotafuta hii ya sasa, wawili walinikatalia, wakasema kaa tu juu mama upige picha. Wa tatu aliiteremsha kwenye kibao, akanikabidhi, akasogea pembeni akaniacha nihangaike nayo uani kwake karibu nusu saa, na huyo ndo alipata hela yangu.

Nimeandika leo kwa sababu kuna binti mmoja kitengo chetu, mdogo wangu kabisa kwa umri, amekusanya akiba yake na wenzetu wote wanamwambia chukua kubwa, chukua kubwa, usije ukajuta. Amepata cc 900 ya mkononi na Rebel 500 ya mkononi, bei zimekaribiana, na macho yake yote yako kwenye ile ya 900. Jumamosi tunaenda wote kuziona. Nimemwambia avae viatu vya kazini, nimebeba futi ya fundi cherehani kwenye mkoba, na nimewaomba wauzaji wote wawili wasiziwashe mpaka tufike.

Msomaji wako,
Mama wa Tegeta, Dar es Salaam