Si waya, Bakari

Kiboriloni, Moshi
24 Agosti

Ndugu yangu Bakari,

Salamu nyingi kwako na kwa shemeji. Huku tupo, kibaridi cha Agosti bado hakijatuachia na mlima umejifunika gubigubi, wiki ya pili hii hatujauona.

Ujumbe wako wa sauti niliufungulia dukani mbele ya wateja, wakacheka kuliko mimi. Eti, "Waya ukikatika unauunga, unazungushia tepu, taa inawaka. Wewe umeungwa tangu Februari na kidole bado kimezimika. Huyo daktari alikuunga na nini?" Nimeona nikujibu kwa barua, maana kwenye simu utanikatiza.

Kwanza uujue mshipa wenyewe ulionikatika mkononi, mshipa wa fahamu, ule wa kupeleka habari, si wa damu. Ukijigonga kiwiko kwa ndani ukasikia shoti mpaka kidole cha mwisho, ndio huo. Unapita nyuma ya kiwiko karibu kabisa na ngozi, unashuka hadi kwenye kiganja, unahudumia kidole cha mwisho na nusu ya kidole cha pete. Nusu, Bakari, sikutanii. Ukinichoma sindano upande mmoja wa kidole hicho naruka, ukinichoma upande wa pili nakutazama tu. Mpaka umepita katikati kama mshono wa suruali.

Nilijikata tarehe 11 Februari, nakata majani ya ng'ombe. Mundu uliteleza ukanila mkono wa kushoto, sentimita 6 juu ya kifundo. Kwenye zahanati niliyokimbilia nikamwambia kijana wa zamu, "Mshipa umekatika." Akaangalia damu, akaona imekoma, akashona ngozi, nikarudi nyumbani. Nimemlaumu sana, halafu nimejilaumu na mimi. Lugha yetu hii, mshipa ni wa damu, mshipa ni wa fahamu, kano nayo watu wanaiita mshipa, na mzee mwenye ngiri naye anakwambia ana mshipa. Ningemwambia "kidole kina ganzi" pengine angestuka.

Iliyonistua ni pasi. Siku ya saba nikawa nanyoosha kola, mkono wa kulia umeshika pasi ya mkaa, wa kushoto unatandaza kitambaa. Nikasikia harufu ya kuungua. Nikainua pasi haraka niangalie shati la watu, shati zima! Kilichokuwa kinaungua ni kidole changu. Kwa kawaida ukigusa moto mkono unaruka kabla hujajua umeungua, kwa sababu habari ikifika kwenye ugwe wa mgongo, ile kamba ya fahamu iliyomo ndani ya uti, inageuzwa hapohapo kuwa amri ya kuvuta mkono; ubongo unapewa taarifa baadaye. Kwangu habari haikuvuka hata kifundo. Tarehe 20 nilikuwa nimelala kwenye meza ya upasuaji.

Sasa hapa ndipo ufundi wako wa umeme na wangu wa kushona unapoachana. Nilimuuliza daktari alitumia mshono gani, akacheka, lakini alinijibu kama fundi kwa fundi. Mshipa wa fahamu ni fungu la nyuzi elfu kwa maelfu, zimefungwa vifurushi vifurushi, kila kifurushi kina ganda lake, na vyote vimevishwa ganda moja la nje. Yeye anashona ganda tu, kwa uzi mwembamba kuliko unywele, amevaa miwani ya kukuzia. Nyuzi zenyewe hakuna anayeziunga duniani. Anachofanya ni kulinganisha vifurushi visije vikapishana, kama mimi ninavyolinganisha mistari ya kitambaa kwenye bega, halafu anaacha.

Anaacha kwa sababu uzi ule ni kiungo cha seli iliyo hai. Binti yangu anasoma uuguzi, ndiye aliyenichorea. Seli ina kiwiliwili, ina matawi mafupi ya kupokea habari, ina mkia mmoja wa kupeleka ambao wao wanauita aksoni. Nikadhani seli za kidole changu ziko kidoleni, au basi ziko kwenye ubongo, ambako zimo kama bilioni 86. Kumbe! Za kukisogeza ziko ndani ya ugwe wa mgongo, pale shingo inapokutana na kifua. Za kuhisi zimejikusanya kwenye vinundu kando ya uti, palepale. Kiwiliwili hakionekani kwa macho, ila mkia unatoka shingoni mpaka ncha ya kidole. Nilijipima kwa futi yangu nikapata sentimita 80 na zaidi. Chakula na vifaa vyote vinatengenezwa shingoni na kusafirishwa ndani ya mkia huo mpaka mwisho.

Kwa hiyo mundu ulipopita, kipande cha upande wa kidole kilikatwa na mama yake, na ndani ya siku chache kikafa. Jambo hilo alilionyesha Mwingereza Augustus Waller mwaka 1850 kwa kukata mishipa ya ulimi wa chura. Umeona tofauti? Wewe ukikata waya unabaki na vipande viwili vizima. Mimi nilibaki na kimoja kizima na kingine mzoga. Daktari angeunga hata kwa dhahabu, taa isingewaka.

Hata umeme wenyewe si huo wako. Kwenye nyaya zako mkondo unakimbia ndani ya shaba. Kwenye aksoni ukuta una vilango. Kikifunguka kimoja sodiamu, ile iliyomo kwenye chumvi, inaingia kutoka nje, hiyo inamshtua wa jirani naye afungue, hivyo hivyo mpaka mwisho, kama habari ya msiba inavyopita mlango kwa mlango. Nyuzi nene zilizofungwa vizuri zinapeleka habari kwa mwendo wa mita 100 kwa sekunde hivi. Zile nyembamba zisizofungwa, zinazobeba maumivu ya kuunguza, ni kama mita 1 tu. Ndiyo maana ukijigonga kidole cha mguu kwenye stuli unapata nafasi ya kusema "mama wee!" kabla ya maumivu yenyewe kuwasili. (Na ile siku waya ulikung'ang'ania mkononi kule Tanga, hukuwa mzembe wa kuachia. Umeme wa nje uliikaza misuli moja kwa moja, na ile ya kufumba mkono ina nguvu kuliko ya kufumbua.)

Nimetaja nyuzi kufungwa. Tepu unayoniulizia ipo, ila nayo ni hai. Ni seli za Schwann, zimepewa jina la Mjerumani Theodor Schwann. Seli moja inajiviringisha juu ya uzi mara nyingi, kama bendeji, inafunika kama milimita 1, inaacha upenyo, inashika inayofuata. Habari inaruka kutoka upenyo hadi upenyo, ndiyo siri ya mbio zake. Hesabu mwenyewe ziko ngapi kutoka shingoni mpaka kidoleni. Na hizi hazikufa. Uzi ulipokufa zilisaidia kusafisha mabaki, zikajipanga mstari ndani ya mrija mtupu, na sasa zinatoa chakula cha kuvuta ncha mpya ije. Ncha inachipua pale ilipokatwa, inaingia mrijani, inatambaa milimita 1 kwa siku. Haiharakishwi. Vifaa vizito vya kujengea uzi vinatoka shingoni kwa mwendo wa konokono vilevile.

Milimita moja kwa siku ni kipimo ninachokielewa. Kutoka kwenye kovu mpaka ncha ya kidole ni sentimita 22. Mwezi wa kwanza hauhesabiwi, ncha zinavuka mshono. Kila Jumatatu dada wa mazoezi ananigonga taratibu kwa kidole juu ya njia ya mshipa, kuanzia chini akipanda, na pale ncha zilipofika nasikia shoti inaruka kwenye kidole kilekile kilichokufa. Mfaransa Jules Tinel aliandika habari ya kipimo hicho mwaka 1915, akitibu majeruhi wa vita. Dada anaweka alama kwa kalamu, mimi natoa futi mfukoni. Jumatatu iliyopita ilisoma sentimita 15, shina la kidole. Nilipiga kelele mpaka chumba kizima kikageuka.

Ninaye kijana mmoja wa bodaboda pale kwenye mazoezi, alianguka barabara ya Marangu, uti ukavunjika usawa wa kifua. Siku hiyo aliniomba futi akaiangalia, akamuuliza dada, "Na mimi ni milimita moja?" Dada akainama kuokota mpira. Nyuzi zake ni kama zangu, Bakari. Ila ndani ya ubongo na ugwe wa mgongo wanaozifunga si Schwann, ni seli nyingine, oligodendrosaiti, moja inakumbatia nyuzi nyingi kwa pamoja, na uzi ukikatika hazitengenezi njia. Mabaki yake yanaziba. Seli zenye umbo la nyota nazo zinajenga kovu. Tofauti yetu ni mahali tulipokatikia. Siku hizi futi naiacha kwenye mfuko wa koti mpaka yeye atoke.

Kingine utanicheka. Osha vyombo nusu saa uangalie vidole vyako, vimejikunja kama zabibu kavu. Changu cha mwisho kilikuwa kinatoka majini laini kama cha mtoto. Kazi ile inaendeshwa na mishipa ile isiyongoja ruhusa yako, inayokutoa jasho na kukimbiza moyo, na baadhi ya nyuzi zake zinapita humohumo nilimojikata. Kwa hiyo hata jasho hakina. Mama Neema ameshagundua, ananiachia sufuria eti nifanye kipimo.

Kazi naifanya, ila polepole. Pale kati ya kidole gumba na cha shahada pamebonyea, kitambaa chembamba kinaniponyoka, kwa hiyo satini zote nampa kijana wangu na mimi nashika jinsi za mitumba. Jioni nafumba macho ananipitishia vipande kidoleni nibahatishe, khanga au kodrai. Mpaka sasa nakosea vyote.

Kwa hesabu yangu ncha inafika mwisho wa Oktoba. Ukija Desemba niletee zile zipu nilizokuagiza, sentimita 20, nyeusi dazeni mbili. Tepu yako iache Tanga.

Wako,
Elibariki