Shoga, huo sio uzee tu

Assalaam aleikum shoga yangu Mwanaidi,

Voisi yako nimeisikia, na pale uliposema kuhusu paka wako, "Pili kazeeka, hata dirishani hapandi tena" nikaona nikae nikuandikie vizuri, maana hilo sio la kuachia hivi hivi. Paka akiacha kuruka mara nyingi ni maumivu, na kwa ulivyonielezea mimi naona kabisa Pili viungo vinamuuma.

Ujue paka halii akiumwa viungo, wala kuchechemea mara nyingi humwoni, kwa sababu ugonjwa unamshika pande zote mbili, viwiko vyote au nyonga zote, sasa achechemee mguu upi? Anachofanya ni kuacha vitu kimyakimya. Mwangalie akitaka kupanda kitandani, zamani alikuwa anaruka mara moja, saivi utamwona anasimama chini, anatazama juu, anajikunja kama anaruka alafu anaghairi, au anang'ang'ania shuka anajivuta kwa miguu ya mbele. Mpapase mgongoni karibu na mkia, manyoya yakiwa yamesokotana ujue hawezi kujigeuza kujilamba huko. Na kucha zikigonga vigae akitembea, hazinoi tena. Alafu huko kukojoa nje ya beseni la mchanga unakomgombezea, wallahi si ukorofi, ukingo ndo umekuwa mrefu kwake.

Na sio Pili peke yake. Marekani mwaka 2002 walipitia eksirei za paka 100 wa zaidi ya miaka 12, 90 kati yao walikutwa viungo vimeharibika. Yaani karibu wote!

Sasa nakuomba kitu kimoja, USIMPE PANADOL. Hata robo. Ini la paka haliwezi kuivunja ile dawa, damu inashindwa kubeba hewa, ufizi unageuka rangi ya udongo, uso unavimba, kidonge kimoja tu kinaweza kumuua. Na diklofenaki na brufeni za bibi pia weka mbali.

Mpeleke kwa daktari wa mifugo, ila kwanza mrekodi kwa simu akipanda na kushuka, maana kule kwa daktari ataogopa atajikunyata tu na hakuna kitakachoonekana. Kuna dawa ya maumivu ya maji inaitwa meloksikamu, anapewa kwa matone kufuata uzito wake, lakini figo zipimwe kwanza. Nje huko ipo na sindano ya mara moja kwa mwezi, Ulaya waliiruhusu 2021, muulize daktari kama inapatikana.

Nyumbani muwekee stuli chini ya dirisha, beseni likate upande mmoja liwe fupi, tandiko lake lisiwe sakafuni penye baridi. Na mpunguze unene jamani, polepole lakini, usimshindishe njaa, paka mnene akikaa bila kula ini linaharibika.

Ukishamrekodi nitumie na mimi hiyo video, nataka nione hasa anavyoshuka. Mama msalimie sana.

Wako,
Zuhura